Daftari la kilo: jinsi tunavyopakia gari la kambi

Watu wengi wakitafuta gari la 4x4 la kwendea kambini na watoto, huuliza kwanza litapita wapi: mchanga, matope, mawe, mto. Mimi huuliza litabeba nini. Gari likishazidishiwa uzito, hata njia nyepesi inakuwa ngumu. Breki zinachelewa kushika, springi za nyuma zinagonga kila shimo, usukani unalegea mkononi kwa sababu mbele kumenyanyuka, na usiku taa zinamulika matawi badala ya barabara. Na ndani wamekaa watoto.

Kwetu baba watoto ndiye anayeendesha sehemu ngumu, mimi nashika daftari la kilo. Kila kitu kinachoingia garini kimepimwa na kuandikwa. Huwa naambiwa ni usumbufu, lakini hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo. Magari mengi yana kibati au kibandiko hapo kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari zima, na mara nyingi wa kila ekseli pia, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya mbele au ya nyuma. Kama hakipo, tafuta kwenye kitabu cha gari. Kwenye uzito huo wa juu, punguza uzito wa gari likiwa tupu. Kinachobaki ndicho mnachogawana watu, maji, mafuta na vifaa. Hapo kwenye "tupu" pasome kwa makini, kwa sababu watengenezaji hawahesabu namna moja: wengine wameshaingiza dereva wa kilo 75 na tangi lililokaribia kujaa, wengine hawajaingiza.

Chukua gari ambalo kikomo chake ni kilo 3,000 na likiwa tupu lina 2,300. Zimebaki 700, na mtu akizisikia anaona ni nyingi. Sasa pakia. Wazazi wawili na watoto watatu, 260. Maji lita 60, yaani kilo 60 kabla hujahesabu madumu yenyewe. Bampa ya chuma na winchi, ile mashine ya kujivuta ukinasa, 90. Keria, 30. Hema la juu ya gari, 65. Friji ikiwa na vitu ndani, 45. Droo za nyuma pamoja na betri ya pili, 80. Dizeli ya akiba lita 40, karibu kilo 34. Tairi la pili la akiba, 35. Jumla 699! Bado hujaweka jiko, mtungi wa gesi, chakula, nguo, viti, wala sanduku la huduma ya kwanza.

Gari letu haliko mbali na mfano huo, ndiyo maana bampa yetu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Najua bampa ya chuma inapendeza, na kwa anayepita peke yake kwenye njia za kunasa kila saa ina kazi yake. Sisi tunasafiri na gari la pili, tuna kamba ya kuvutia, chepe na mbao za kunasulia. Bampa na winchi kwa pamoja ni zaidi ya uzito wa watoto wangu wawili wadogo, na nafasi hiyo nimewapa wao na maji yao.

Halafu watoto wanakua. Kibati cha mlangoni hakibadiliki, lakini aliyekuwa na kilo 20 leo ana 35, viatu vyake vimekuwa vikubwa, na begi lake la kulalia halimtoshi tena. Kwa hiyo orodha iliyofaa safari zilizopita haiwezi kunakiliwa hivi hivi. Kila tunapojiandaa, watoto wanapanda mizani kwanza, kisha ndipo tunaongelea vifaa.

Daftari likishakamilika, tunalipeleka gari kwenye mizani ya magari. Tunapakia kama tunaondoka: tangi limejaa, madumu yamejaa, kila mtu yuko kwenye kiti chake. Magurudumu ya mbele yanapanda peke yake, kisha gari zima, kisha ya nyuma peke yake. Usiridhike na jumla. Gari linaweza kuwa ndani ya kiwango kwa jumla huku ekseli ya nyuma ikiwa imepita yake, kwa sababu vitu vya kambi karibu vyote vinaishia nyuma.

Mahali pa mzigo ndipo penye mambo zaidi, na ndipo watu wanapopapita haraka. Fanya gari lenye mita 2.8 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukitundika kilo 100 mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haiongezewi kilo 100. Inaongezewa 150, na ya mbele inapunguziwa 50. Mzigo unakuwa umening'inia nyuma na kuinua pua ya gari. Tairi la akiba lililotundikwa mlango wa nyuma, madumu ya mafuta pembeni yake, boksi la jiko ndani ya mlango huo huo: vyote vinavuta upande mmoja. Kwa tela ni vivyo hivyo. Ushauri wa kawaida ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wa tela ikae kwenye kiungo cha kuvutia, kwa hiyo tela la kilo 1,200 linaweka kama kilo 120 pale mwishoni kabisa mwa gari. Hizo 120 zinakula nafasi ya mzigo wa gari lako, kisha ekseli ya nyuma inazihisi kuwa nyingi zaidi.

Ndiyo maana maji yetu hayakai buti. Madumu tunayalaza sakafuni nyuma ya viti vya mbele, pale ambapo miguu ya watoto bado haifiki. Uzito unakuwa chini, katikati ya ekseli mbili. Kila dumu lina mkanda unaopita kwenye mshikio wake na kushika pete ya sakafuni. Kazi ya binti yangu wa kati ni kutikisa kila mshikio kabla hatujaondoka. Dumu likicheza hata kidogo ananiita: "Mama, hili linapumua." Baba yake anarudi kulikaza upya, na msafara unasubiri hata kama magari mengine yameshawasha injini.

Kukaza huko nakupigania sana. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa na likasimama ndani ya nusu mita, kama linavyoweza kusimama likigonga, kitu cha kilo 5 kisichofungwa kinasukuma mbele kwa nguvu ya kilo 100 hivi. Dumu la lita 20 ni kama 400. Kati ya mizigo ya buti na vichwa vya watoto tuna wavu wa chuma uliofungwa kwenye bodi, na hakuna kitu kigumu kinachopangwa juu ya usawa wa migongo ya viti.

Juu ya keria tunaweka vitu vikubwa visivyo na uzito: magodoro ya povu, mabegi ya kulalia, turubai. Soma kikomo cha paa na kikomo cha keria yenyewe, ufuate kilicho kidogo, na ukumbuke kwamba uzito wa keria mara nyingi umo ndani ya kikomo cha paa. Kikomo cha paa gari likiwa linatembea ni kidogo kuliko gari likiwa limesimama. Hema linaweza kubeba familia nzima usiku bila shida, lakini hiyo haimaanishi paa linaweza kubeba kilo zile zile njiani. Baadhi ya watengenezaji wanapunguza kikomo zaidi kwa njia mbovu. Kilo zikiwa juu, gari linayumba kwenye kona, na kwenye mteremko wa ubavu linakaribia kupinduka mapema kuliko dereva anavyodhani. Madumu ya mafuta juu ya paa siyakubali, hata kwa umbali mfupi.

Springi ngumu zaidi zinanyanyua nyuma iliyolala, na gari linaonekana limepona. Namba ya mlangoni iko pale pale. Breki, beringi, ekseli na chesisi havijabadilika. Palipo na sheria inayoruhusu marekebisho yaliyokaguliwa na kuidhinishwa rasmi ni jambo jingine. Bila hati hiyo, springi mpya zinaficha tu dalili.

Tairi nazo zina kikomo chao, kimeandikwa ubavuni. Tairi lenye namba ya mzigo 112 linabeba kilo 1,120, likiwa na upepo wa kutosha. Tunapoingia mchangani tunapunguza upepo, na papo hapo tunapunguza mwendo, kwa sababu tairi laini chini ya gari lililopakiwa linapata joto haraka. Tukifika barabara ngumu, kompresa inatoka kabla ya vitafunio.

Kupima vitu vidogo tunatumia mizani ya kuning'iniza, ile ya mabegi ya safari. Boksi la jiko tulipolipima lilikuwa kilo 23. Tukalimwaga lote chini: sufuria mbili za chuma kizito, vyombo vya watu kumi, visu vinne, chupa za kioo. Lilirudi garini na kilo 14, uzito umeandikwa kwenye utepe ubavuni kwa kalamu nzito, na hakuna siku tumelala njaa kwa sababu ya zile 9. Kila mtoto ana begi moja, na anaamua mwenyewe kama kilo zake ziende kwa vitabu au kwa mpira. Jenereta, meza kubwa na hema la kuogea vimetoka. Maji, huduma ya kwanza, jeki, kompresa na tairi la akiba haviguswi, hata kama havijatumika safari nzima.

Sasa kijana wangu mkubwa ananifikia begani, na daftari linasema safari ijayo hatuenei. Tumekubaliana droo za nyuma zitoke, maana ni kilo 50 za mbao na reli za chuma. Nguo zitakaa kwenye mabegi laini, na vifaa kwenye maboksi mepesi yaliyofungwa sakafuni. Zikishatoka tunarudi mizani, watoto wote ndani.