Muungurumo kulia, hatari kushoto

Shemeji ndiye mwenye gari, kwa hiyo alikuwa na jibu tayari kabla hata sijauliza. "Hiyo ni sauti ya tairi tu, shemeji. Endesha." Nikaendesha. Ilikuwa pikapu ya kizamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, imejaa mabomba na magunia, na kila ilipochanganya mwendo ilitoa muungurumo mzito mbele.

Lami kuukuu yenye kokoto ilipoisha tukaingia kwenye lami mpya, laini. Kelele ya tairi ikashuka papo hapo. Muungurumo haukushuka. Hapo hoja ya shemeji ikaanza kuyumba, maana tairi hubadili sauti barabara inapobadilika, lakini beringi, kile chuma kinacholiwezesha gurudumu kuzunguka kwa ulaini, haijali inapita juu ya nini. Nikakanyaga klachi kidogo kwenye tambarare, injini ikatulia, sauti ikaendelea vilevile. Basi si injini. Barabara ilipokuwa tupu nikalegeza usukani taratibu kushoto, kisha kulia. Nikikata kushoto, uzito wa gari unaegemea kulia, na muungurumo unapanda. Nikikata kulia, unafifia. Beringi ya kulia.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Tutafika nayo."

Huenda tungefika nayo kweli. Ila lami iliisha, na kwenye mashimo ya barabara ya vumbi ikaongezeka sauti nyingine: kugonga kifupi, ko, ko, kila gurudumu la kushoto liliposhuka shimoni. Shemeji akasema ni vyuma vya mzigo. Nikatafuta mahali tambarare, nikaegesha.

Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukaanza na kulia kwa kuwa ndiko kulikokuwa na makelele. Jeki juu, stendi chini ya chesisi. Siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Nikashika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta: linacheza. Nikamwambia shemeji akanyage breki na asiachie. Mchezo ukaisha kabisa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko masikio: breki inaunganisha diski na nako, chuma kinachobeba gurudumu, kwa hiyo kilichokuwa kinacheza ni beringi iliyo katikati yao. Breki ikiachiwa, nikazungusha tairi kwa mkono mmoja huku kiganja kingine kikiwa juu ya springi. Ulikuja mtikisiko wa chengachenga, kama unasaga mahindi.

Kushoto ndiko tulikobishana. Tukainua kwa chesisi vilevile, nikatikisa juu na chini, hakuna kitu. Shemeji akaanza kukusanya spana.

"Ngoja kwanza."

Gari hili springi yake ya koili imekalia mkono wa chini, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye chesisi. Ukiliinua kwa chesisi, mkono unaning'inia na springi inaukandamiza, na boljointi iliyochoka, kile kiungo kinachoshika mkono na nako, inaweza kubanwa isionyeshe chochote. Nikahamisha jeki hadi chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi kadiri ilivyowezekana, nikainua mpaka tairi likaachana na ardhi. Kisha nikapitisha mtaimbo chini ya tairi na kunyanyua. Ko! Gurudumu zima likapanda na kushuka, na jicho likaona wazi pini ikitembea ndani ya kikombe chake. Shemeji akakanyaga breki: mchezo ukabaki palepale. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka, grisi hakuna, na pembeni umetapakaa unga mwekundu wa kutu.

Tulishika pia tairi kushoto na kulia kupima tairodi, vyuma vinavyogeuza magurudumu usukani ukizungushwa. Nazo zilikuwa imara.

"Lakini huku mbona hakuungurumi?" akasema. Ndiyo shida ya kutafuta ubovu kwa kelele. Beringi inapiga kelele muda mrefu kabla ya kukuangusha. Boljointi ya aina hii inagonga kidogo kwenye mashimo, lakini pini ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari na usukani hauna kazi tena. Nikamwambia gari halisogei. Alinuna, akalala ndani ya kabini, na asubuhi akadandia lori kwenda kutafuta vifaa.

Alirudi navyo vyote, hata vikombe vya beringi, zile pete za nje, na sili mpya, kwa hiyo nikajua hasira zimeisha. Boljointi ilikuwa ya kufunga kwa bolti, si ya kushindiliwa kwa presi. La sivyo tungekwama. Jeki ilibaki imebeba mkono wa chini muda wote, maana springi ile ikifyatuka haina msamaha. Nati ya pini niliilegeza bila kuitoa, nikapiga nyundo ubavuni mwa nako mpaka pini ikaachia.

Upande wa kulia, grisi ilitoka nyeusi, na roleri za beringi ya ndani zilikuwa na vidonda na rangi ya bluu ya kuungua. Kukaza nati tu kusingesaidia chochote. Tukang'oa vikombe vya zamani, tukagongelea vipya, tukashindilia grisi kwa kiganja. Nati nikaikaza huku diski ikizungushwa ili beringi zikae, nikailegeza, nikairudisha kwa vidole, kisha pini mpya ya kufungia.

Baada ya mwendo mfupi nilisimama kugusa habu, kitovu cha gurudumu, kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu tu. Mashimo yaliendelea, kugonga kukaisha, na shemeji akaomba usukani wake. Gari lilikuwa linavuta kidogo kushoto, jambo la kutegemewa ukishafungua mbele namna ile, kwa hiyo mjini tulipitia kwanza kwenye alaimenti kunyoosha magurudumu, mabomba yakiwa bado yamefungwa nyuma.