Nilivyowaandaa Wageni wa Kigeni kwa Safari ya Unguja Nikiwa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye jamaa ng'ambo hakosi kuombwa, siku moja au nyingine, awapokee wageni wanaotaka kuvuka kwenda Unguja, na mara nyingi wageni hao huwa wamekwisha kuona picha nyingi za fukwe bila kuambiwa na mtu yeyote jinsi bahari ile inavyoishi. Wa safari hii walikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, mkewe na binti yao wa miaka 15, watu ambao kaka yangu aliwahi kupanga nyumbani kwao alipokuwa akisoma huko. Mzee alikuwa na goti bovu, na alichokitamani zaidi ni kuogelea. Niliona kwamba kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaandaa kabla hawajakanyaga bandarini, kwa sababu mambo mengi yanayoharibu safari ya Unguja huanzia upande huu wa bara.

Kabla ya kugusa nauli au hoteli, nilimpigia simu shangazi yangu anayelima mwani Jambiani. Baada ya kumwamkia na kumweleza habari za wageni, alinijibu, "Mwanangu, usiniletee watu kabla hujatazama mwezi." Shauri hilo ningependa kila mwenyeji wa wageni alipokee. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kina cha juu na cha chini yaweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua.

Kwa mgeni, maana yake ni kubwa kuliko anavyodhani. Katika pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, chini ya bahari ni tambarare pana iliyozuiwa na mwamba ulio mbali, kwa hiyo wakati wa bamvua maji hutoka kabisa na kuacha mchanga, majani ya bahari na vidimbwi hadi karibu na mwamba huo. Mgeni aliyelipia chumba cha kutazama bahari huamka, akaiona imeondoka, akadhani amedanganywa. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufuo hushuka kwa haraka zaidi, na mtu aweza kuogelea karibu saa zote za mchana. Isitoshe, katika visiwa vyetu bamvua ina saa zake: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, na maji hujaa katikati ya asubuhi.

Kwa kufuata hesabu hiyo niliwapangia Jambiani katika siku za bamvua, kisha Kendwa maji yalipoanza kufa. Asubuhi mama na binti walifuatana na shangazi shambani, wakaona kamba zilizofungwa kwenye vigingi na mwani ukivunwa, kazi iliyoanza kushika mizizi Unguja mwaka 1989 na ambayo hadi leo hufanywa zaidi na wanawake. Alasiri maji yaliporudi hadi karibu na minazi, mzee aliogelea hatua chache tu kutoka kitini pake. Sidhani kama kuna hoteli, hata iwe ya kifahari namna gani, ingempa faraja ile siku hizo kama saa za kuingia majini zingepangwa vibaya.

Nilisisitiza wanunue viatu vya plastiki vya kuvaa majini, kwa kuwa vidimbwini na kwenye mawe hukaa viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Nilisisitiza pia mashati ya mikono mirefu kwa matembezi ya asubuhi: Unguja iko takriban nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, na jua linaloakisiwa na mchanga mweupe huunguza ngozi ya mgeni huku upepo ukimzuia asihisi joto. Kombe na vipande vya matumbawe waliambiwa waviache palepale vilipo.

Upande wa nyaraka, wengi huchanganyikiwa kwa kudhani kwamba viza ya Tanzania inatosha kwa kila kitu. Viza ni moja kwa bara na visiwani, huombwa kwa njia ya mtandao, na ada ya kawaida ni dola 50, isipokuwa Wamarekani wanaolipa dola 100. Lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44, na bima aliyoinunua kwao haichukui nafasi yake. Wageni wangu walikuwa na bima nzuri ya Kijerumani na waliona kwamba wanalipa mara mbili. Niliwaeleza kwa upole kwamba huo ndio utaratibu, tukailipia mtandaoni sebuleni kwangu Upanga, na tukachapisha vyeti ili pasiwe na shaka simu ikizima. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika kwa anayetoka katika nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo wanaopitia Kenya au Ethiopia na kukaa huko waulizie mapema. Kuhusu malaria, Unguja imefanikiwa sana kuipunguza, ila mgeni hulala Dar es Salaam pia, na nilitaka wapate ushauri wa daktari wao kabla hawajaondoka kwao.

Tiketi za boti nilizinunua katika ofisi ya kampuni yenyewe, kwa pasipoti zao, siku kadhaa kabla. Nje ya geti la bandari huwapo vijana wengi wanaojitolea kukusaidia, na mgeni mwenye mizigo hujikuta amelipia msaada asiouomba. Boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Nilichagua ya asubuhi kwa sababu ulikuwa msimu wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, na mkondo wa Unguja huchafuka zaidi upepo unapopanda mchana. Nikawaketisha sehemu ya nyuma, chini, ambako chombo hakirukiruki sana. Pasipoti zilibaki mkononi, maana maofisa wa Uhamiaji huzikagua pale Malindi, bandari ya mjini Unguja, ingawa ni nchi moja.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni mahali ambapo watu wanaishi, wanaswali na kulea watoto, na nilitamani wageni waufahamu hivyo kabla ya kuufahamu kama mandhari ya picha. Mabega na magoti yafunikwe, nguo za kuogelea zibaki ufukweni, na mtu aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Katika mwezi wa Ramadhani ni vyema kula na kunywa ndani, mbali na macho ya waliofunga. Kuhusu papasi, yaani vijana wanaowafuatafuata wageni mitaani wakiwauzia huduma, niliwafundisha kuitikia salamu, kushukuru, na kuendelea na safari yao. Anayehitaji kiongozi wa watalii aombe kuona kitambulisho kilichotolewa na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Nauli ya teksi ikubaliwe kabla ya kufungua mlango.

Fedha taslimu walizitoa mjini, kwa kuwa vijijini mashine ni chache na huishiwa. Dola walizobeba zilikuwa noti mpya, maana zilizochapishwa kabla ya 2006 hukataliwa na wabadilishaji wengi.

Warudipo, nilikataa kabisa wapange boti na ndege ya kwenda Ulaya katika siku moja. Kusi ikivuma sana boti huweza kuahirishwa, na Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege jioni haina huruma kwa mtu mwenye haraka. Walivuka siku moja kabla, wakalala kwetu, na kesho yake tukaondoka Upanga ukiwa umesalia muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka.