Wiki Mbili za Ubaridi Milimani Hubei kwa Yuan 1,600

Mwezi Julai jiji la Wuhan, makao makuu ya mkoa wa Hubei nchini China, huchemka. Wachina wenyewe huliweka pamoja na Nanjing na Chongqing katika kundi la "matanuri matatu" ya bonde la mto Yangtze, na yeyote aliyelala katika bweni la chuo usiku ambao joto linagoma kushuka hatalipinga jina hilo. Mimi nimekulia Lushoto, ambako sweta halikosekani nyuma ya mlango, na majira yangu ya kwanza ya joto nchini China, mwaka 2023, niliyamaliza nikiwa nimejifungia chumbani na kiyoyozi, nikilipia umeme na kuhesabu siku. Niliapa kwamba mwaka wa pili haunikuti hapo.

Kikwazo kilikuwa fedha. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayefadhiliwa na Serikali ya China hupewa yuan 3,000 za kujikimu kila mwezi, na sehemu ya fedha hizo huwa naituma nyumbani. Mwanzoni mimi na mwenzangu wa chumbani, dada kutoka Kisumu, tulitaka kwenda Zhangjiajie katika mkoa jirani wa Hunan, kule kwenye nguzo za mawe ambazo picha zake kila mtu amekwisha kuziona. Tukakaa chini na karatasi. Kiingilio cha hifadhi peke yake kilizidi yuan 200, kabla hatujagusa lifti wala magari ya nyaya, na vyumba vilikuwa vimepanda bei kwa sababu Julai ndio mwezi ambao familia nzima nzima husafiri, shule zikiwa zimefungwa. Siku nne za Zhangjiajie zingekula posho ya mwezi na kutuachia deni.

Aliyetutoa katika mkwamo huo ni mama anayehudumu kwenye mapokezi ya bweni letu. Alituona tukibishana juu ya karatasi, akauliza tunakokwenda, akacheka. Wazazi wake wastaafu, alisema, hupanda Lichuan kila mwaka mwanzoni mwa Julai na kushuka joto likishakatika, na wanatumia huko pungufu ya wanachotumia mjini. Sikuwahi kulisikia jina hilo. Lakini niliona mara moja kwamba tulikuwa tunauliza swali lisilo lake: tulikuwa tunatafuta wanakokwenda watalii, wakati watu wenye kipato kidogo wa jiji lenye joto wana mahali pao pa kukimbilia, na bei za mahali hapo zimepangwa kwa kutazama pensheni zao.

Lichuan ni mji mdogo ulio pembe ya kusini magharibi kabisa ya mkoa wa Hubei, mpakani na Chongqing, katika jimbo lenye mamlaka ya ndani la Watujia na Wamiao la Enshi. Uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, na vijiji vinavyouzunguka viko juu zaidi. Zamani kufika huko kulikuwa adhabu ya siku nzima na zaidi kwenye barabara za milimani. Reli ya kutoka Yichang hadi Wanzhou, iliyofunguliwa Desemba 2010, ndiyo iliyoubadilisha mkoa ule: ina urefu wa kilomita 377, na karibu robo tatu ya urefu huo ni madaraja na mahandaki.

Tiketi za treni huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari, na mgeni anaweza kujisajili kwa pasipoti katika programu rasmi ya reli, inayoitwa 12306. Hapo nilifanya kosa lililonigharimu. Niliandika majina mawili niliyoyazoea, ilhali pasipoti yangu ina matatu. Tiketi ikatoka, lakini jina halikulingana na hati, na jina la abiria halirekebishwi baada ya malipo. Ilinibidi niirudishe tiketi, nikatwe asilimia 5 kwa kuwa zilikuwa zimebaki siku chini ya nane, kisha nisajili upya na kusubiri pasipoti ihakikiwe kabla ya kununua tena. Tiketi ya karatasi siku hizi haihitajiki. Pasipoti ndiyo tiketi, ila mashine nyingi za getini zimetengenezwa kwa vitambulisho vya raia, kwa hiyo mgeni hupita kwenye mlango wa pembeni anakokaa mhudumu.

Tulichagua treni ya kawaida, ile ambayo namba yake huanza na herufi K, kiti cha daraja la chini ambacho Wachina hukiita yingzuo, yaani kiti kigumu. Nauli haikufika yuan 90 kila mmoja. Treni ya mwendo wa kasi ingetufikisha kwa karibu nusu ya muda na kwa zaidi ya mara mbili ya bei. Anayezijua safari za TAZARA hatashtushwa na yingzuo: vifurushi juu, vifurushi chini, watu watatu upande mmoja na wawili upande wa pili, tambi zinazorowekwa kwa maji ya moto kutoka kwenye birika kubwa la behewa, na maswali. Hadi tunavuka Yichang, behewa zima lilijua kwamba Tanzania na Kenya zinapakana na kwamba nywele za mwenzangu zilisukwa kwa saa sita. Baada ya hapo ikawa handaki, mwanga, handaki, na kila mwanga ulipokuja mlima ulikuwa karibu zaidi na dirisha.

Usiku ule nyumba ya kulala wageni iliyo karibu na stesheni, ambayo tulikwisha kuilipia kwa simu, ilitukataa. Binti wa mapokezi alisema hawapokei wageni kutoka nje ya nchi. Msafiri asiyejua angeondoka na begi lake. Mimi nilijua kwamba mwaka ule ule wa 2024 serikali ilikuwa imeelekeza hoteli zisiwakatae wageni kwa kisingizio cha kukosa kibali, na nilimwomba kwa upole apige simu kituo cha polisi cha mtaa aulize namna ya kutuandikisha. Kisa chenyewe kilikuwa kwamba hajawahi kuingiza pasipoti kwenye mfumo wake, na aliogopa kukosea. Askari alimwelekeza kwa simu kwa muda wa dakika 10, tukapewa ufunguo, na asubuhi binti akatuletea mayai ya kuchemsha bila kuombwa. Chumba kilikuwa yuan 110, tukagawana.

Tulikaa mjini usiku nne. Kitu kikubwa cha kuona hapo ni pango la Tenglong, ambalo mdomo wake una kimo cha mita 74 na upana wa mita 64. Ukisimama ndani ukageuka nyuma, watu wanaoingia wanaonekana kama punje za mtama. Pembeni mwa mdomo huo mto Qing unajitumbukiza ardhini kwa kishindo na kupotea. Ndani hewa ni ya baridi kali, basi usiende na fulana peke yake kama nilivyokwenda mimi. Kuna onyesho la taa za rangi na ngoma za Kitujia ndani ya pango, ambalo kwangu mimi lilikuwa kelele mahali ambapo ukimya ungetosha, lakini umati ulipiga makofi. Korongo kubwa la Enshi, ambalo ndilo maarufu zaidi katika jimbo lile, tuliliacha kwa makusudi, kwa sababu kiingilio na magari ya nyaya vingevuruga hesabu yetu yote.

Siku ya tano tulipanda basi dogo kwenda Moudao, katika barabara ya taifa namba 318, ile inayoanzia Shanghai na kwenda kukomea kwenye mpaka wa Nepal. Juu ya Moudao kuna eneo liitwalo Sumadang, mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako wastaafu wa Wuhan na Chongqing wamejazana kwenye maghorofa mapya na kwenye nyumba za wakulima wanaopangisha vyumba. Maghorofa hayo, niseme ukweli, hayapendezi; mtu aliyekwenda kutafuta kijiji cha kale atahuzunika. Sisi tulikwenda kutafuta ubaridi na chumba, tukashuka kwenye barabara ya vumbi hadi kwenye nyumba ya mkulima mmoja iliyopendekezwa na mama wa bwenini.

Mwenye nyumba tulimwita Ayi, neno ambalo asili yake ni mama mdogo na ambalo hutumika kwa mwanamke yeyote wa rika la mama yako. Bei yake ilikuwa yuan 80 kwa mtu kwa siku, kulala na milo mitatu. Nilipomwambia kwamba tutakaa siku 10 na kwamba tunalala chumba kimoja, alishusha hadi 70 kabla sijamaliza sentensi. Huo ndio mlango wa unafuu ambao watu wengi huupita bila kuuona: nyumba hizi huishi kwa wateja wa mwezi mzima, hivyo anayekaa usiku mmoja hutozwa bei ya mpita njia, na anayetulia huhesabiwa kama mwana familia. Kila unapohama unalipa nauli, unalipa kiingilio, unakula hotelini, na unaanza upya kutafuta chumba. Ukikaa, gharama zote hizo hulala usingizi.

Jambo moja halikuweza kusubiri. Mgeni anayelala kwenye nyumba ya mtu anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Hotelini kazi hiyo hufanywa na mapokezi, lakini kwa mkulima unakwenda mwenyewe. Ayi alitupakia kwenye bajaji yake ya mizigo, akatupeleka kituoni, askari akanakili pasipoti na vibali vyetu vya ukaazi, akamaliza katika dakika 20. Ukitoka Dar es Salaam au Nairobi na viza ya utalii, sharti hilo linakuhusu vilevile.

Kuhusu chakula ninaweza kuandika kurasa. Milima ile haistawishi mpunga vizuri kama bondeni, kwa hiyo wakulima wake wamekula mahindi na viazi kwa vizazi. Siku ya kwanza Ayi alitenga chakula kiitwacho jin bao yin, dhahabu iliyofunika fedha: unga wa mahindi uliochanganywa na wali na kupikwa kwa mvuke. Mimi na mwenzangu tulitazamana. Ulikuwa kama ugali uliogoma kushikana, na kwa pilipili iliyochachishwa pamoja na unga wa mahindi, ulishuka vizuri mno. Viazi vidogo huvikaanga taratibu kwenye sufuria pana hadi ganda likawa la kahawia, na kulikuwa na hezha, maharage ya soya yaliyosagwa na kuchemshwa na majani ya mboga bila kuchujwa. Siku ya saba nilimwomba Ayi jiko, nikasonga ugali wa kweli kwa unga wake. Alionja, akaufikiria, akasema kwamba chumvi imesahaulika.

Usiku tulilala na mablanketi mwezi Julai. Asubuhi tulitembea kwenye mashamba ya chai yenye ukungu, na kwangu ilikuwa kama nimerudi Usambara bila kununua tiketi ya ndege. Jioni wastaafu walicheza dansi kwenye uwanja wa saruji, mwenzangu akawa kivutio chao.

Siku moja tulishuka Moudao kuutazama mti. Chuoni kwetu Wuhan njia zimepandwa miti mirefu iliyochongoka, ambayo majani yake laini hugeuka rangi ya kutu na kupukutika wakati wa baridi. Inaitwa shuishan, na ndio mti rasmi wa jiji. Nilikuwa nikipita chini yake kila siku bila kuuliza. Kumbe mwaka 1941 mtaalamu wa Japani, Miki Shigeru, aliupa jina jenasi yake kwa kutumia visukuku tu, ikiaminika kwamba ulitoweka duniani zamani za kale, na katika miaka hiyo hiyo wataalamu wa misitu wa China wakaukuta ukiwa hai hapa, kando ya barabara ya kijiji. Wataalamu wa mimea wa China, Hu Xiansu na Zheng Wanjun, waliutangaza rasmi mwaka 1948, na mbegu zake zikasambazwa hadi Marekani na Ulaya. Mti wenyewe unasimama ndani ya uzio, takribani mita 35 kwenda juu, na wenyeji huuita mfalme wa shuishan. Mzee mmoja mstaafu wa Wuhan alikuwa ameuegemea uzio na kujipepea, japo hapakuwa na joto. Aliniambia kwamba huja kila mwaka kuusalimia.

Kurudi tulilazimika kupanda treni ya kasi, kwa sababu tulizembea na viti vya treni ya kawaida vikaisha. Hesabu yangu binafsi ikafunga hivi: nauli za treni yuan 290, mabasi madogo 110, chumba cha mjini 220, chakula cha mjini 160, pango 120 kwa kitambulisho cha mwanafunzi, na kwa Ayi 700. Jumla yuan 1,600 kwa usiku 14, sawa na shilingi laki sita kasoro za Tanzania kwa viwango vya wakati ule. Ningepata treni ya kawaida kwa kurudi pia, ningeokoa kama 115 nyingine.

Asubuhi ya kuondoka Ayi alitupa mfuko wa viazi na kukataa malipo ya kifungua kinywa. Alituonya tusimwandikie Juni, maana Juni vyumba huwa vimekwisha kuchukuliwa na wale wale wa kila mwaka. Tuandike mwezi wa tano, tumwambie siku tu, na unga wa mahindi atauhifadhi yeye.