John Cockerill, mwenye matanuru ya Seraing

Babu yangu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hapa Lubumbashi, kwa hiyo maisha ya John Cockerill hunigusa sana. Mzaliwa huyo wa Uingereza, pamoja na nduguye James, walilipata kasri la zamani la maaskofu watawala wa Liège huko Seraing, mji wa Ubelgiji ya leo, ambako tangu 1817 kilikua kiwanda kilichokusanya makaa ya mawe, matanuru ya chuma na karakana za mashine mahali pamoja. Kwangu, huo ndio werevu wake mkubwa. Mwaka 1835 kiwanda kiliunda Le Belge, kichwa cha kwanza cha garimoshi kutengenezwa Ubelgiji. Madeni yalipomlemea, alikwenda Urusi kutafuta fedha, akafariki Warsaw mwaka 1840 akiwa njiani kurudi.