Siku nliyoikata pete ya bibi

Mwaka 2006 nlikuwa na miaka kumi na saba, nina miezi kama minne hivi najifunza usonara kwa mjomba wangu Lamu, duka lenyewe dogo tu, kibaraza mbele na kichumba cha giza nyuma. Nlikuwa namuuliza sana mjomba kwa nini kazi ya moto tuifanyie gizani wakati mlangoni kuna mwangaza wa bure, akanionyesha siku moja, fedha ukiipasha ikifika pale inapolainika inatoa wekundu uliofifia ambao kwenye jua huuoni kabisa, utauona gizani tu, na ukiupita ukaendelea na moto unakuta fedha imeanza kung'aa kama maji na hapo umeshachelewa.

Kazi iliyotulisha ni zile pete za vigae, aliyefika Lamu anazijua. Vipande vya sahani za zamani za Kichina, buluu na nyeupe, watu huviokota kwenye magofu na ufukweni, mjomba akivisaga pembeni mpaka vikae duara au yai, halafu anavizungushia ukingo wa fedha nyembamba, sisi tukiuita kikombe, ambao ndio unaoshika kigae kisitoke.

Bibi yangu, mamake mjomba, alikuwa na yake, na hiyo alitengenezewa na babu. Babu naye alikuwa sonara, mimi sikumkuta. Aliitoa kwenye riale, zile riale kubwa zenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, ziliendelea kupigwa na mwaka uleule miaka na miaka baada ya malkia mwenyewe kufa na pwani hii masonara wengi walikuwa wanaziyeyusha kupata fedha. Sasa bibi vifundo vya vidole vilikuwa vimemvimba, pete haipiti tena, na dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa anaolewa baada ya siku tisa. Akaja dukani asubuhi, akafungua pindo la leso akaitoa.

"Mwanangu nipanulie, ipite hapa tu."

Mjomba akampima kwenye kifundo, sio chini ya kidole, maana pete ikipita kifundo huko chini itakaa tu. Pete ilikuwa milimita 17 kwa ndani, yeye anahitaji 18.6. Ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, milimita moja na nusu jamani, lakini hiyo ni upana wa tundu, ukizungusha duara lote ni milimita 5 za fedha ambazo hazipo na lazima zitoke mahali. Mjomba akaiweka kwenye droo akasema ataishughulikia Jumamosi.

Alasiri akaenda kuswali na kutoka huko akapitia matangani. Nkabaki peke yangu. Nlimpenda sana bibi, yeye ndiye aliyenilea, na nlitaka niwe mimi ndiye niliyempanulia, nimpelekee nyumbani jioni ileile nimvishe. Nshamuona mjomba akipanua pete mara nyingi. Unaivisha kwenye chuma cha pete, ile fimbo ya duara nyembamba juu na nene chini, unaigonga ishuke, unaitoa unaigeuza upande wa pili unaigonga tena, usipoigeuza upande mmoja unakuwa mpana kuliko mwengine. Nlilijua hilo. Na nlijua pia fedha inafaa ilainishwe kwa moto kwanza, ila kigae kilikuwa ndani na mimi kukitoa siwezi, nkaogopa kukipasulia moto, nkasema acha niipige hivyohivyo baridi, taratibu.

Mwanzo ilikubali. Nkaigeuza, nkagonga, nkageuza, nkapima, imefika 17.6, nkafurahi. Hapo nyundo ikaanza kutoa sauti nyengine. Mwanzo ilikuwa du, du, ya kitu kinachonywea, sasa ikawa ti, ti, kali, na nyundo inarudi juu yenyewe mkononi. Nliisikia ile tofauti, wallahi nliisikia, nkaendelea. Kidogo tu, tik, pete ikafunguka chini.

Mjomba aliporudi nlikuwa nimeishika kiganjani sijui niiweke wapi. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Akavaa lenzi yake jichoni, akaigeuza kwenye mwangaza muda mrefu, akasema, "Hapa ndipo alipolehemu baba." Basi. Hayo maneno mpaka leo nayasikia.

Halafu ndo akanieleza. Fedha tunayonunua siku hizi ni ile ya 925, kwenye sehemu elfu moja shaba ni 75, lakini riale ina fedha 833 na zilizobaki karibu zote ni shaba, kwa hiyo ukiigonga inakakamaa mapema. Na pete iliyovaliwa miaka mingi huwa imelika chini, upande wa kiganja, ile yetu chini haikufika milimita moja. Ukiipanua kwa nyundo huongezi kitu, unaivuta tu iwe nyembamba, nayo huanza kuvutika pale palipokuwa dhaifu tayari. Yeye hakuwa na nia ya kuigonga toka mwanzo, alikuwa anangoja apate riale nyengine akate aongeze kipande.

Akaniambia niende kwa bibi nikamwambie mwenyewe. Nkaenda, nkakaa kizingitini nkamwambia imekatika. Akauliza, "Kigae?" Nkasema kigae kizima. Akashusha pumzi. Ndo akanihadithia kwamba kile kigae hakikuokotwa, ni cha sahani ya mamake iliyokuwa imewekwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nyumbani kwao, yeye mwenyewe ndiye aliyeiangusha akiwa mtoto, na mamake alikaa na kile kipande mpaka siku ya kumuoza ndipo akampa babu. Hata mjomba hakuwa anajua hilo.

Nliporudi nkamsimulia mjomba akakaa kimya, halafu kutoa kile kigae kulimchukua usiku mzima. Alikuwa anafunua ukingo wa kikombe kwa kisu chembamba, anasogea nywele moja, anazunguka, anarudi alipoanza, jasho linamtiririka, mimi nimeshika taa. Nkamuuliza kwani si kaure hii, ilichomwa kwenye tanuri kali kuliko moto wetu. Akasema ndiyo, lakini tanuri linapasha pande zote polepole, moto wetu unapiga upande mmoja na hapo inapasuka.

Kilipotoka ndo mengine yakawa mepesi. Akapata kipande cha riale kwa sonara mwenzake, akakata milimita 3 na ushei, akakiingiza pale palipofunguka, boraksi, ile poda ya kusaidia lihamu ishike, halafu lihamu yenyewe, moto, kisha akaichemsha kwenye maji ya shabu, ule unga mweupe wa kusafishia, mpaka weusi ukatoka. Ila pete ikishapanuka mgongo wake unakuwa bapa zaidi, na kikombe kimelehemiwa juu yake, kwa hiyo kikombe nacho kikavutwa, urefu kikaongezeka na upana kikapungua. Kigae hakikuingia tena! Mimi moyo ukanidunda. Yeye akakilainisha kikombe kwa moto, akaingiza ndani chuma laini kilichochongoka, akawa anagonga ukingo kwa nje kwa kinyundo kidogo sana, kama anambembeleza mtoto, raundi moja, moto, raundi nyengine, moto. Kila raundi nlikuwa nasikiliza ile sauti, na kila ikianza kubadilika yeye alishaacha kitambo.

Siku ya harusi bibi aliivaa. Ilipita kwenye kifundo na tone la sabuni. Kile kipande kipya kilikuwa cheupe kuliko pete yote, mjomba alitaka akifukize kifanane, bibi akakataa, akawa anakigusa kwa dole gumba wakati wanawake wanaimba. Mimi bibi harusi sikumwangalia sana, macho yangu yote yalikuwa pale.

Kesho yake mjomba akanipa waya wa shaba na akaniambia nitengeneze pete ishirini, nizigonge kwenye kile chuma bila moto mpaka zikatike, moja moja, na mlango nifunge nisisikie kelele za barabarani. Ya kwanza ikakatika. Ya pili, ya tatu, zote nachelewa. Ya saba nkasikia ile ti, ya kwanza kabisa, mkono ukiwa hewani, nkaiweka nyundo chini.