Wazee wa Simon na Garfunkel, na wazee wa barazani

Mwakani nikijaliwa nafikisha miaka 70, na labda ndiyo sababu siku hizi naurudia sana wimbo mmoja wa Simon na Garfunkel, waimbaji wawili wa Kimarekani, "Old Friends" (Marafiki wa Zamani). Nyimbo zao nilizijua kwa kanda aliyoshuka nayo marehemu kaka yangu, aliyekuwa baharia. Nyumbani kwetu Majengo kulikuwa na taarab na nyimbo za Kihindi tu. Mama aliposikia ile kanda aliuliza, "Hawa wanamuogopa nani, mbona wanaimba kwa kunong'ona?" Mimi nilipenda vile sauti mbili zinavyokaa pamoja hata hujui ipi ya nani.

Wimbo wenyewe ni wazee wawili kwenye benchi la bustani, wamezama ndani ya makoti, wanangoja jua lichwe, na waimbaji wanaona itakuwa ajabu kubwa kufika miaka 70. Umo katika albamu yao ya 1968, Bookends, na Paul Simon alikuwa na miaka 26 tu. Kijana wa 26 anajua nini kuhusu 70! Kabla yake kuna kipande kisichokuwa na muziki, sauti za wazee ambao Garfunkel alikwenda kuwarekodi katika nyumba za kutunzia wazee. Wanazungumza, wanakohoa. Ujanani nilikuwa nakiruka. Sasa ndicho ninachokisikiliza kwa makini, maana kikohozi kile nakijua.

Lakini uzee wao si wangu. Ule ni wa baridi na kimya. Huku Kibokoni, Mombasa, baada ya alasiri, baraza yetu haina kimya hata kidogo: muuza kahawa anagonganisha vikombe, mmoja analalamikia goti, mwengine anaapa bao la jana aliibiwa. Mzee akikosa siku mbili anatumwa mtoto akamuangalie. (Faragha, hiyo, hatuna. Kuna siku ningelitamani lile benchi.)

Na waimbaji wenyewe je? Walijuana wakiwa watoto wa shule huko Queens, New York, wakaachana 1970, wakarudiana, wakaachana tena. Wote wamezaliwa 1941, kwa hivyo ile 70 waliyoiona ya ajabu wameshaipita mbali. Simon alisema mwaka wa 2023 kuwa sikio lake la kushoto limepoteza usikivu. Hilo liliniuma, kwa sababu sahibu yangu mmoja, fundi cherahani, naye ni la kushoto. Siku hizi nikifika barazani napita nyuma yake nikakae kuliani kwake, na hatujawahi kulizungumzia.

Juzi nilimsikilizisha "Old Friends" kwenye simu, nikamfasiria. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Hawa wazee wana watoto?"

"Wimbo hausemi."

"Basi hao wamesuswa. Hebu niwekee taarab ya Zein."

Nikamwekea Zein.