Chumba Kilichokalia Shimo la Matofali

Binti yangu, aliye likizo kwa bibi yake Iringa, alinipigia simu juzi akiuliza kwa nini ukuta wa chumba cha wageni una alama inayopanda kama ngazi chini ya rangi. Nilimjibu kwamba nyumba ilititia, naye akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa kuwa ufa ule niliufahamu ungali unatembea.

Chumba hicho Baba alikiongeza ubavuni mwa nyumba ya zamani. Matofali ya nyumba hiyo yalifyatuliwa na kuchomwa uwanjani hapo hapo, na shimo lililotoa udongo wake likafukiwa kwa majivu na vipande vya tanuru, bila kushindiliwa. Majani yakaota, watu wakasahau, na kona ya chumba kipya ikasimamishwa juu yake. Zikaja mvua za El Nino za mwishoni mwa 1997. Paa halikuwa na mifereji, na maji yote ya upande ule yakawa yanamwagikia msingi wa kona hiyo hiyo.

Ufa ulianzia pembe ya dirisha. Kwa kuwa matofali yalijengewa udongo badala ya saruji, haukukata tofali hata moja, bali ulifuata viungo, safu baada ya safu ya matofali, mwembamba chini na mpana juu, hata karibu na lenta, ule mhimili wa juu ya dirisha, kidole kikaweza kuingia. Baba alitaka uzibwe kwa plasta. Fundi akakataa.

“Mzee, ukiuziba leo, utajuaje kesho kama bado unatembea?”

Alichukua kipande cha kioo chembamba cha dirisha, akakilaza kukatiza ufa, akazigandisha ncha zake kwa saruji, kila ncha upande wake, kisha akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Nikimshikia karai, alinieleza kwamba nyumba ikititia yote kwa pamoja huenda isidhurike sana, lakini kona moja ikizama peke yake ukuta huvutwa, na tofali limezoea kubebeshwa mzigo, si kuvutwa. Ukubwani nilisoma kwamba wahandisi huhesabu tofauti ya sentimita 1 katika urefu wa mita 3 kuwa yatosha kuanza kupasua kuta. Fundi yule alikuwa na timazi na pima maji tu.

Kioo kilikatika usiku, mvua ikinyesha. Kilitoa mlio mmoja mkavu, mdogo kuliko nilivyoutarajia, nikaketi kitandani nikiutegea wa pili ambao haukuja. Baba aliingia na kurunzi, akamulika ule mstari mwembamba uliopita katikati ya kioo, akapapasa kwa ukucha, akazima, akawasha tena. Kisha akakishika kitanda upande wa miguuni, akaniambia nishike kichwani, tukakihamishia sebuleni.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mifereji ilifungwa, na fundi akachimba chini ya msingi kwa vipande vifupi vilivyoachana, akimimina zege katika kimoja na kukiacha kikauke kabla ya kugusa cha jirani yake, mpaka akafika udongo mgumu. Kioo cha pili hakikukatika. Fundi alisema ni kazi yake. Baba alisema shimo lilikuwa limekwisha kushuka lenyewe, na kwa hoja hiyo akachelewesha nusu ya malipo hadi mavuno. Nimewahi kuwauliza wahandisi wawili wanaamini nani, nao hawakukubaliana.